Kadi za utani wa anga: zipi zinachekesha na zipi za kuchomoa

Pakiti ina kadi 60: mbele swali, nyuma jibu na mstari mmoja wa maelezo ya kisayansi. Nazitumia kwenye mikusanyiko ya kutazama nyota, ule muda wa kungoja macho yazoee giza, yaani dakika 20 hadi 30. Kwa kazi hiyo nazipa nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama si wino.

Majibu yamechapwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe. Sasa, watazama nyota hutumia tochi nyekundu ili wasiyavuruge macho yaliyokwisha kuzoea giza. Chini ya mwanga huo karatasi inarudisha wekundu, wino nao unarudisha wekundu uleule, na kadi inaonekana tupu. Msomaji anauliza swali kwa mbwembwe zote, anageuza kadi, anakuta hamna kitu. Dawa ni kuyapitia maandishi mapema, mchana, kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika. Ncha iwe nyembamba, milimita 0.5 hivi, maana nene inaziba herufi. Bluu iliyokoza nayo inafaa, kwa kuwa kwenye tochi nyekundu huonekana nyeusi.

Tuje kwenye utani wenyewe. Za kwanza kuchomoa ni kadi za Uranus. Mzaha wake wote umekaa kwenye namna jina hilo linavyotamkwa kwa Kiingereza. Ukiusoma kwa Kiswahili watu wanakukodolea macho tu. Inayonusurika ni moja: William Herschel alipoigundua sayari hiyo mwaka 1781 alitaka iitwe Nyota ya George, kwa heshima ya Mfalme George wa Tatu, naye mfalme akampangia posho ya kila mwaka. Uchawa haukuanza leo. Hiyo haihitaji ufafanuzi.

Kadi bora ni zile zenye kisa cha kweli, na ya maikrowevu inaongoza. Kwenye darubini ya redio ya Parkes, Australia, kulikuwa kukinaswa mawimbi ya ajabu tangu 1998, na mengi yalitokea saa za kazi, hasa karibu na mlo wa mchana. Mwaka 2015 chanzo kikajulikana: maikrowevu ya hapohapo kituoni. Kadi inaishia hapo, na inapoteza nusu ya kicheko. Maikrowevu ikiachwa imalize yenyewe haikuwa na shida. Mawimbi yalivuja pale mtu mwenye njaa alipofungua mlango kabla ya muda kwisha, mashine ikiwa ndiyo kwanza inazima. Ongeza sentensi hiyo kwa mdomo uone watu watakavyoanza kutazamana.

Kadi ya gari la Tesla lililorushwa angani ni nzuri ila ina kosa. Inasema NASA ililiandikisha gari hilo kama asteroidi. Si NASA. Ni Minor Planet Center, kituo kinachoweka rejesta ya vitu vidogo vinavyolizunguka jua. Tarehe 2 Januari 2025 kilikipa kitu kimoja jina la 2018 CN41, na kesho yake kikakifuta baada ya kubainika kuwa ni lile gari lililorushwa Februari 2018. Kata jina la NASA, mengine yako sawa.

Ya Zuhura itakuletea mabishano. Inasema huko unatimiza mwaka kabla siku haijaisha. Ni kweli sayari hiyo hujizungusha mara moja kwa siku 243 za dunia, na mwaka wake ni siku 225. Lakini inajizungusha kinyumenyume, kwa hiyo kutoka macheo hadi macheo ni kama siku 117 tu. Palipo na mwanafunzi makini, sema "kujizungusha mara moja" badala ya "siku", la sivyo atakuumbua mbele za watu.

Kadi inayozeeka haraka ni ya sayari ya Zohali, iliyochapwa kwamba inazungukwa na miezi 82. Machi 2025 ilitangazwa miezi mipya 128, jumla ikawa 274. Futa namba ya zamani na uandike mpya kwa penseli, maana hesabu hiyo haitulii.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba mwandishi alitafsiri tu. Hakuna hata kadi moja inayocheza na maneno "jua" au "mwezi", na hapo ndipo Kiswahili kina utajiri. Bahati nzuri kuna kadi sita tupu. Zangu nimeanza kuzijaza hivi:

"Kwa nini mshahara haufiki mwezi? Kwa sababu mwezi uko kilomita 384,400."

"Kwa nini hakuna wapangaji Zohali? Kodi inalipwa kila mwezi, na miezi ni 274."

Na ya kumtupia anayejibu kila swali kwa "sijui": "Miaka yote hii unalizunguka jua, na bado hujui?"

Kadi hizo tupu zimepakwa plastiki upande mmoja, ule unaong'aa. Andikia upande mwingine. Kalamu ya jeli kwenye plastiki haikauki, inachafua vidole na kadi ya jirani.