Yoko wa jua au Yoko wa bahari?

Ukisikia tu jina la Kijapani Yoko likiitwa, o ya kwanza ikivutwa, huwezi kujua kama ni 陽子 au 洋子. Matamshi ni yaleyale. Maana imo kwenye maandishi. Herufi 子 ni mtoto. 陽 ni mwanga wa jua, na ndiyo iliyomo katika 太陽, yaani jua lenyewe. 洋 ni bahari kuu, ile ya 太平洋, Pasifiki. Vistari vitatu vya kushoto ni alama ya maji. Kulia yuko kondoo, 羊, aliyewekwa kwa ajili ya sauti. Msanii Yoko Ono, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1933, ni 洋子. Binti yangu ningemwandika hivyohivyo: 洋 ina mistari 9 ya kalamu badala ya 12 ya 陽, na maji unayaona kwa macho.