Kamusi ya akina Opie: kipimo cha mafumbo ya nyimbo za watoto katika fantasia

Msomaji wa fantasia akikuta wimbo wa watoto ndani ya riwaya, hujua papo hapo kwamba kuna jambo limefichwa humo. Watoto wanaruka kamba na kuimba upuuzi, kisha kurasa 300 mbele upuuzi ule unakuwa ufunguo wa mlango au jina la mfalme aliyesahauliwa. Mbinu hii ni tamu, ila mara nyingi huandikwa ovyo, kwa kuwa waandishi huiga zile habari za mtandaoni kuhusu "maana halisi" ya nyimbo za Kiingereza, na nyingi kati ya habari hizo hazina msingi. Dawa yake ni The Oxford Dictionary of Nursery Rhymes ya Iona na Peter Opie, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1951 na kupata toleo la pili mwaka 1997.

Kamusi ina nyimbo zaidi ya 500, zilizopangwa kialfabeti kwa neno kuu la kila wimbo. Maelezo yanakupa mahali wimbo ulipoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi, jinsi maneno yalivyobadilika na, inapowezekana, ndugu zake katika lugha nyingine za Ulaya. Nadharia za maana iliyofichwa zinapimwa kwa ushahidi huo, na nyingi zinaanguka.

Mfano mashuhuri ni Ring a ring o' roses, wimbo wa mchezo ambamo watoto huzunguka kwa duara, hupiga chafya na kuanguka, unaosemekana kusimulia tauni ya London ya mwaka 1665: waridi ni vipele, chafya ni dalili, kuanguka ni kifo. Nchini Uingereza wimbo huu ulichapishwa mwaka 1881, katika kitabu cha Kate Greenaway. Hiyo ni miaka 216 ya kimya, katika nchi iliyoandika mengi sana kuhusu tauni hiyo. Tena, matoleo ya nchi nyingine mara nyingi hayana chafya kabisa. Akina Opie wanaonyesha kwamba chafya na kuanguka ndivyo vilivyowapa watafuta asili nafasi ya kudai tauni.

Humpty Dumpty, wimbo wa aliyeketi ukutani akaanguka, na farasi na askari wote wa mfalme wakashindwa kumuunga tena, nao una funzo lake. Mwaka 1930 Katherine Elwes Thomas alidai kwamba anayeanguka ni Mfalme Richard III. Lakini toleo lililochapishwa mwaka 1797 na Samuel Arnold halina farasi wala askari wa mfalme. Lina watu themanini na wengine themanini walioshindwa kumrudisha alipokuwa. Ukiondoa mfalme, nadharia inabaki bila kitu. Kilicho na nguvu zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa kitendawili, na jibu lake ni yai. Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi za msichana Alice, alipomtumia Humpty mwaka 1871 hakumbunia siri mpya. Alifanya jambo la werevu zaidi: Alice anaujua wimbo tayari, kwa hiyo anajua yatakayompata huyu aliyeketi ukutani. Wimbo umegeuka utabiri.

Utajiri mkubwa wa kamusi hii, kwa anayeandika, umo katika vina. Ubeti wa kwanza wa Jack and Jill unatia kina cha water na after, maneno ambayo leo hayapatani vizuri. Akina Opie wanaona hiyo ni dalili kwamba huenda ubeti ulitungwa nusu ya kwanza ya karne ya 17, matamshi yalipokuwa tofauti. Hapa ndipo mtunzi wa fantasia apige kambi. Tunga wimbo wenye kina kimoja kilichovunjika, usiueleze, halafu mlete mhusika anayetamka lugha ya kale. Akiusoma, kina kinaungana na jina lililopotea linajitokeza. Fumbo la namna hii msomaji anaweza kulifumbua mwenyewe, na halimlazimishi aamini kwamba watoto walihifadhi kila neno kwa miaka 1000.

Hilo ndilo kosa linalojirudia zaidi. Watoto hushika mapigo na vina, lakini majina wasiyoyaelewa huyageuza yafanane na maneno wanayoyajua. Kwa hiyo haribu majina ya katikati ya mstari, acha mwisho wa mistari ukiwa mzima, na tunga angalau matoleo mawili yanayotofautiana. Tofauti yenyewe ndiyo itakayomfaa mpelelezi wako. Tolkien alilijua hili. Katika sura ya Nyumba za Uponyaji ya The Lord of the Rings, beti za mmea wa dawa uitwao athelas zinajulikana kwa bwana wa mitishamba, naye anazidharau kama maneno yaliyovurugika katika kumbukumbu za vikongwe, huku wazee wakiendelea kutumia mmea ule kwa maumivu ya kichwa. Maana imekaa mbele ya macho ya wote, na kilichokosekana ni mtu wa kuitilia maanani.

Kamusi ina upungufu. Kiingereza chake ni cha kitaaluma, na marejeo ya vitabu vya karne ya 18 yamebanwa kiasi cha kumchosha anayeanza. Mpangilio wa neno kuu unamfaa anayeujua wimbo anaoutafuta. Anayetaka nyimbo zote za kifo au za mwezi itambidi apekue kurasa nyingi. Anayeshughulikia michezo ya kuimba ya watoto aongeze The Singing Game ya waandishi haohao, ya mwaka 1985, maana humo Ring a ring o' roses imechambuliwa kwa kina zaidi.

Ukiipata, anza na utangulizi, kisha chagua wimbo mmoja unaodhani unaujua na usome maelezo yake yote kabla ya kuandika mstari wowote wa kwako. Nunua toleo la 1997 ukiweza. La 1951 bado linafaa, ila tarehe zake za uchapishaji wa kwanza zihakiki kwanza, kwani utafiti umesonga mbele tangu hapo.