Seti ya samani za nyumba ya mwanasesere: karatasi yao itakuharibia kazi

Wadau, karibuni. Ile seti mliyoniomba hii hapa mezani: kitanda, viti na kabati la droo, vyote vya kujiungia mwenyewe. Kipimo 1:12, yaani kiti cha sentimita 90 hapa kinakuwa saba na nusu. Ya kwenye boksi sisomi, mnayaona.

Kilichonikera ni karatasi ya maelekezo. Eti unganisha kwa gundi kwanza, rangi baadaye. Jamani! Ngoja nisogeze kamera. Miguu miwili ya kiti, plaiwudi ileile. Huu wa kushoto niliupaka tone la gundi nyeupe, nikaifuta kwa kidole, ikakauka. Huu wa kulia haujaguswa. Sasa napitisha rangi ya mbao ya maji, kahawia. Mnaona wa kulia ulivyoinywa? Mistari ya mti yote imetoka. Haya, wa kushoto... pale kidole kilipopita, doa jeupe. Narudia tena. Bado! Gundi ikishaziba mbao, rangi haina pa kuingilia, na hilo doa hulioni mpaka umeshapaka. Kwenye kabati la sebuleni fundi atalificha. Kwenye kiti cha urefu huu, doa ndiyo kiti chenyewe.

Kwa hiyo msasa namba 320 kufuata nyuzi, rangi, ikikauka unapitisha 400 kidogo maana maji yanasimamisha nyuzi, ndipo gundi. Ndimi, yaani vile vichomozo vya kuungia, na matundu yake usivipake rangi, mbao ishikane na mbao. Kingo hizi nyeusi zimeungua na leza iliyokatia vipande, zisugue kwa mkono mwepesi. Gundi ikishika masizi haijashika mbao. Ukisugua sana nako, ulimi unacheza ndani ya tundu. Vanishi mwishoni kabisa.

Na sisi wa Mbeya, mwezi wa saba huu, msiunganishe usiku. Gundi nyeupe ikikaukia kwenye baridi kali inabaki kama unga wa chaki, haishiki. Mimi nafanya mchana dirishani penye jua, nabana kwa vibanio vya nguo na raba bendi.

Ila droo! Sikilizeni... inaingia, inatoka, haikwami popote. Nilikuja kuiponda hii seti, sasa nachezea droo. Ile nyingine ya bei chee ni 1:24, nusu ya hii, na droo zake ni za kuchora tu usoni. Halafu mnaniuliza kama vitachanganyika. Havichanganyiki, kitanda kitaonekana cha mtoto. Hii 1:12 ndiyo inayotumika sana, hata nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, pale kasri la Windsor, ya mwaka 1924, ni kipimo hikihiki.

Bei: Sh 45,000, bado nauli ya kifurushi kwa basi kutoka Dar. Najua mtaandika hapo chini kwamba kwa hela hiyo fundi wa Mwanjelwa anakupa stuli ya kukalia. Kweli, kakalieni.

Anayetaka kuchonga mwenyewe, paini ya Mufindi ipo tele, ila inakunywa rangi kwa mabaka. Hiyo nitaionyesha kivyake, na kuanzia wiki ijayo video zinatoka Jumapili jioni, Jumamosi umeme wa huku kwangu hautabiriki.

Seti nunueni. Karatasi washieni jiko.