Zamu ya kudumu au kula saa utakayo: uzoefu wangu wa chakula cha jioni kwenye meli za kitalii

Ukikata tiketi ya meli ya kitalii, fomu itakuuliza unataka kula chakula cha jioni kwa utaratibu gani. Wengi hubofya chaguo la kwanza ili wafike haraka kwenye malipo. Kumbe hapo ndipo wiki nzima inapopangwa: utaoga saa ngapi ukirudi kutoka mjini, utaona onyesho lipi, watoto watalala saa ngapi, na kama utasali Magharibi kwa utulivu au mbio mbio. Nimetumia taratibu zote mbili, Karibea, Mediterania na Ghuba ya Uarabuni. Ninachotathmini hapa ni ukumbi mkuu wa chakula, ule ambao gharama yake imo ndani ya nauli. Migahawa ya kulipia ina mambo yake.

Natumia saa za Kiswahili. Ninaposema saa 12 jioni, ratiba ya melini itakuwa imeandika 18:00.

Utaratibu wa zamu una zamu mbili. Ya kwanza huanza kati ya saa 11:30 na saa 12:15 jioni, ya pili kuanzia saa 2 hadi saa 2:30 usiku au zaidi kidogo. Meli zinazobeba Waitaliano na Wahispania wengi huchelewesha zote mbili, maana hao kula jioni na jua ni adhabu. Unapewa namba ya meza, utaikuta kwenye kadi yako ya chumba au kwenye programu ya simu, na meza hiyo, pamoja na mhudumu na msaidizi wake, ni yenu mpaka siku ya kushuka. Disney wameongeza lao: wageni huzungushwa kwenye kumbi tatu tofauti, lakini wahudumu wanahama pamoja nao.

Utaratibu huria, yaani kula saa utakayo, kila kampuni imeupa jina lake. Royal Caribbean wanauita My Time, Carnival Your Time, Celebrity Select. Norwegian ndio walioanza kuunadi kwa nguvu mwaka 2000, na mpaka leo kwao hakuna zamu kabisa. Ukumbi unafunguliwa saa 11:30 hivi na kupokea watu mpaka saa 3 au 3:30 usiku. Menyu ni ile ile. Anayekwambia kwamba kambakoche wa usiku wa mavazi rasmi huwafikia wa zamu peke yao anakudanganya.

Sasa tuangalie mlo mmoja wa zamu ya kwanza, wa saa 12 kamili, maana mambo mengi yamejificha kwenye dakika. Milango inafunguliwa, watu wanaingia kwa wingi lakini hakuna foleni, kila mtu anajua meza yake. Saa 12:05 mikate iko mezani. Saa 12:15 mhudumu ameshachukua oda ya meza nzima, na ukiwa siku ya tatu hakuulizi tena kinywaji. Maji yasiyo na barafu ya mzee na juisi ya mtoto vinafika vyenyewe. Saa 12:25 vianzio, saa 12:50 chakula chenyewe, saa 1:15 kitamutamu, saa 1:25 kahawa. Ikifika saa 1:40 utaanza kuona vijiko vya zamu ya pili vikipangwa meza ya jirani. Hakuna atakayekufukuza, ila ujumbe utakuwa umeupata.

Kasi hiyo haitokani na wahudumu kuwa hodari tu. Jiko linajua kwamba watu mia kadhaa watataka supu ndani ya robo saa moja, kwa hiyo supu inapakuliwa kwa mkupuo. Mhudumu anabeba sinia moja lenye sahani kumi na zaidi zilizofunikwa, za meza zake zote, anapiga safari moja badala ya tatu, na chakula kinafika cha moto. Ndiyo sababu pia milango hufungwa dakika 15 hadi 30 baada ya zamu kuanza. Ukiingia dakika ya 25 umelivuruga sinia: wenzako wameshaletewa vianzio, wewe ndiyo kwanza unaagiza, na mhudumu anarudi jikoni kwa ajili yako peke yako. Ukijua hutakuja kesho, mwambie leo. Hutatozwa wala kununiwa, na wenzako wa mezani hawatakaa wakitazama kiti kitupu huku oda imesimama.

Kasoro kubwa ya zamu ni hao wenzako. Meza nyingi ni za watu sita, nane au kumi. Za watu wawili ni chache na huisha mapema. Mkipatana, mtaagana kwa kubadilishana namba za simu. Msipopatana, siku saba ni nyingi. Ushauri wangu ni kuomba meza ya nane badala ya nne: kwenye nne mkishindwana na wale wawili mnabaki kutazamana, kwenye nane daima yupo wa kuzungumza naye. Kasoro nyingine ni mahali meza ilipo. Kumbi nyingi ziko upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, na meza za nyuma kabisa zilizo karibu na madirisha makubwa zina mandhari nzuri lakini hutetemeka chombo kikiongeza mwendo, kiasi cha maji kucheza ndani ya bilauri. Meli ikienda mrama, huko ndiko utakakopanda na kushuka zaidi. Mwenye kichefuchefu aombe meza ya katikati ya meli, sakafu ya chini ya ukumbi. Na meza iliyopakana na mlango wa jikoni ikatae siku ya kwanza. Kelele za sahani hazipungui kadiri siku zinavyokwenda.

Utaratibu huria kwenye makaratasi ni mtamu. Shida yake inaitwa saa 12:30 hadi saa 1:30 usiku. Uhuru wa kula saa yoyote wote huutumia saa ile ile. Kwenye meli ya watu 3,000 na zaidi, hata theluthi moja tu wakiwa huria, saa 1 kasorobo foleni inapinda kona mpaka kwenye lifti. Baadhi ya meli hutoa kidude kinachotetema meza ikipatikana, nyingine hukuweka kwenye orodha kupitia programu: unabofya kwamba uko tayari, unasubiri huko huko ulipo, ikiita unapewa namba ya meza na dakika chache za kufika. Njia hii ya pili ni bora kabisa, ila usibofye ukiwa bado bafuni.

Foleni inakwepeka. Njoo saa 11:45 au baada ya saa 1:45. Au ukifika mlangoni sema hamna shida kuchanganywa na wengine. Wawili wanaotaka meza yao wenyewe husubiri kuliko wote, kwa sababu meza za wawili huganda kwa watu wasiotaka kuondoka. Na hizo meza za wawili msizitamani sana. Kwa kawaida zimepangwa safu, na kati yako na jirani ni nafasi ya kupitisha mkono tu. Mazungumzo yake utayasikia yote, nayo yako vivyo hivyo.

Ujanja unaonifaa zaidi ni kugeuza huria kuwa nusu zamu. Karibu kampuni zote kubwa zinakuruhusu kuweka nafasi ya saa fulani, kabla ya safari kupitia mtandao au siku ya kwanza kwenye dawati la ukumbi. Naweka saa ile ile siku zote ambazo meli iko baharini, kisha usiku wa kwanza namwomba msimamizi wa eneo turudishwe kwa mhudumu yule yule. Mara nyingi inawezekana, mradi mfike ndani ya dakika kumi za muda mlioweka. Mkichelewa nafasi inaachiwa na mnaingia foleni kama wengine, nao wana haki.

Linalosahaulika na wengi ni ratiba ya bandari, nayo kwangu ndiyo huamua. Kabla ya kuchagua, fungua ratiba ya safari uone kila siku meli inang'oa nanga saa ngapi. Ikiondoka saa 11 au saa 12 jioni, zamu ya kwanza itakubana: utapanda na mchanga miguuni, uoge kwa dakika kumi, ukose kuona gati likirudi nyuma. Bandari zikiwa nne au tano katika siku saba, zamu ya pili au huria. Siku za baharini zikiwa nyingi, zamu ya kwanza haina tatizo, na kwa wenye watoto ni rehema. Isipokuwa Disney: pale zamu ya pili ina mpango wa watoto wadogo kuhudumiwa kwanza, halafu walezi wa chumba cha michezo wanakuja kuwachukua ukumbini ninyi mkiendelea kula.

Kwa anayesali, linganisha saa ya zamu na Magharibi ya huko uendako, si ya nyumbani. Sisi tuliozoea jua kuzama karibu na saa 12:30 mwaka mzima tunajisahau. Safari za Ghuba huwa za msimu wa baridi, na Dubai mwezi Desemba jua linazama kama saa 11:30 jioni. Zamu ya saa 12:15 inaangukia vizuri kati ya Magharibi na Isha, na zamu ya pili inakuja ukiwa umemaliza yote. Ramadhani mambo hubadilika. Nusu saa tu ikitofautiana kati ya futari na zamu huwezi kuiomba meza nzima isubiri, kwa hiyo chukua huria. Mediterania mwezi Juni ni kinyume kabisa: Barcelona jua linazama karibu saa 3:30 usiku, yaani katikati ya zamu ya pili, chakula kikiwa mezani. Hapo zamu ya kwanza ndiyo salama.

Na chunga saa ya simu. Dubai na Abu Dhabi ziko saa moja mbele ya Doha na Bahrain, ambazo muda wake ni sawa na wa Nairobi na Dar es Salaam. Simu ikishika mtandao wa Doha inarudi nyuma saa moja yenyewe, lakini meli si lazima ibadilishe. Wa huria haitamdhuru. Wa zamu atafika akute milango imeshafungwa. Zima ubadilishaji wa saa wa simu, fuata saa ya melini.

Chakula maalumu ndipo zamu inaposhinda bila ubishi. Mwenye mzio wa karanga au wa viumbe wa baharini kama kamba na kaa anamweleza mhudumu mmoja, mara moja, na kuanzia usiku wa pili msimamizi anamletea menyu ya kesho achague mapema ili jiko liandae kando. Kwenye huria unaanza upya kila usiku kwa sura mpya. Maelezo huwa yamo kwenye kompyuta yao, lakini mimi siweki maisha ya mtu kwenye kompyuta. Sema kwa mdomo, kila mara, kabla ya mkate. Halali iombwe wakati wa kukata tiketi, wiki kadhaa kabla ya safari, kwa maandishi. Si kila meli inayo, na pale inapokuwepo uliza pia michuzi, ambayo mara nyingi ina mvinyo, na vitamutamu vya kuganda kama jeli, ambavyo hutumia jelatini.

Bakshishi haitofautiani tena. Meli nyingi kubwa zinazotoza kwa dola hukata kati ya 16 na 20 hivi kwa mtu kwa siku, moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba, hata ukila bafe wiki nzima. Bahasha ya usiku wa mwisho kwa mhudumu wa zamu ni hiari, ingawa baada ya siku saba za maji yasiyo na barafu utaona vigumu kutoitoa.

Nikipewa kuchagua leo: familia yenye wazee na watoto, zamu ya kwanza. Wawili wenye bandari nyingi, huria yenye nafasi iliyowekwa mapema. Kundi la chumba zaidi ya kimoja, zamu, bila kusita, ila hapa ndipo watu huharibikiwa. Tiketi zikikatwa tofauti, mfumo hauwajui kuwa ni jamaa. Lazima mpigie kampuni au wakala aziunganishe, na zote ziwe kwenye zamu moja. Moja ikiwa ya pili na nyingine huria, mtakutana kwenye ngazi tu.

Ukipewa usichotaka, au tiketi ikisema uko kwenye orodha ya kusubiri, usilalamike kwa wakala siku ya kupanda, hana la kufanya. Panda mapema. Mchana wa siku ya kwanza, kwa kawaida kuanzia saa 6 au saa 7, mkuu wa ukumbi au msaidizi wake anakaa kwenye dawati maalumu kupokea mabadiliko. Mahali na saa vimeandikwa kwenye ratiba ya siku. Nenda kabla hujaenda bafe. Kabla ya kumwona, ingia ukumbini ukaitazame meza yako, ili ujue unaomba nini: namba nyingine, sakafu nyingine, au zamu nyingine. Wapelekee namba ya chumba na idadi ya watu kwenye kipande cha karatasi. Wasipokupa siku hiyo, rudi usiku wa pili zamu ikishaanza, meza za waliohamia bafe zinapoonekana.