Uzoefu wangu: kufufua mota ya zamani ya randa na stata yake, yaani boksi la kuwashia (mota safi, stata walinichosha)

Nina mashine ya kuranda mbao ambayo ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuwashwa, imefunikwa turubai tu kwenye kona. Mota yake ni ya fezi tatu, zile za zamani zenye bodi nzito, mkiwa wawili ndo mnainyanyua vizuri. Kibati chake nilikisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka kikasomeka: 2.2 kW, yaani hospawa 3, 220/380 V, ampea 5 ikifungwa stari (ule uungaji wa koili wa volti 380), raundi 1420 kwa dakika. Ukizungusha shafti kwa mkono unasikia kama kuna mchanga unasagwa humo ndani.

Fundi wa kwanza alichungulia kwenye matundu ya feni, akanusa, akasema hii imeungua, tusuke koili upya. Hajashika hata testa jamani! Mimi si mtaalamu ila mota iliyoungua huwa ina ile harufu yake na koili zinakuwa nyeusi, hii yangu ilikuwa inanuka unyevu tu kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Nikabeba mota yangu nikaondoka.

Karakana ya pili ndo ninayoizungumzia hapa. Yule mzee wa pale kabla hajasema neno alifungua boksi la waya, akatoa vile vibati vya shaba vinavyounganisha koili, akapima moja moja: 3.1, 3.1, 3.2 ohm. Akasema zinalingana kwa hiyo hakuna iliyokatika wala iliyogusana vibaya. Alafu akaleta mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kutoka kwenye koili), akapiga volti 500 kati ya koili na bodi, ikasoma megaohm 0.2 tu. Hapo akaniangalia akasema "imelowa, haijafa", na akanikataza kabisa nisithubutu kuiwasha hivyo, chini ya megaohm 1 unatafuta shoti.

Basi wakaifungua wakatoa rota (kile kipande kinachozunguka), lile gamba lenye koili likaingia kwenye oveni kwenye nyuzi 90 hivi. Nilipita jioni kuuliza, wakapima mbele yangu ikawa imeshuka mpaka 0.1 nikajua tayari nimeliwa, yule mzee akacheka akasema ndo kawaida, koili ikipata moto kipimo kinashuka kwanza, subiri maji yatoke utaona. Na kweli, siku ya tatu ikiwa imepoa ilisoma zaidi ya 60. Wakaichovya vanishi, wakairudisha tena kwenye oveni ikauke. Nilimuuliza kwa nini hakutaka tu kusuka upya maana angepata kazi kubwa zaidi, akasema koili za zamani kuzitoa watu wengi wanachoma moto, na moto ukizidi unaunguza ile rangi inayotenganisha bati na bati kwenye chuma cha mota, ukishasuka mota inazunguka sawa ila inachemka maisha yake yote. Kama koili nzima, iache. Kwa hilo tu ningewapa nyota zote.

Beringi zilikuwa saizi 6206 mbele na nyuma, zimekufa zote, grisi imekauka kama gundi. Walitaka kuweka zenye kifuniko cha bati, nikawaambia hii ni randa, vumbi la mbao linapita popote, nikaomba zenye mpira pande zote mbili, wakabadilisha bila kununa. Kijana aliyezifunga alitumia kipande cha bomba kilichokaa sawasawa kwenye ringi ya ndani, hakugonga ya nje hata mara moja. Nilisimama pale nikimwangalia makusudi.

Sasa njoo kwenye stata. (Na hapa mtachanganyikiwa maana mafundi wengi lile gamba lenye koili nalo wanaliita stata, mimi nasema lile boksi la kuwashia lenye kitufe cha kijani na chekundu.) Nilipolifungua nilikuta mtu wa zamani amepiga daraja la waya kwenye ovaloudi (kinga inayozima mota ikivuta umeme kupita kiasi), yaani kinga yote kaiua, na pointi moja ya kontakta (swichi ya sumaku inayopitisha umeme kwenda kwenye mota) imeliwa mpaka haigusi vizuri. Ina maana mota ingepata fezi mbili, ingeunguruma bila kuzunguka, na hakuna kitu cha kuizima mpaka moshi. Wakaniwekea kontakta mpya na ovaloudi mpya ndani ya boksi lilelile la zamani, kazi inapendeza kwa macho.

Nikafika nikafunga, nabonyeza kijani, kimya. Nimehangaika nusu siku nzima! Kumbe koili ya ile kontakta ya zamani ilikuwa ya volti 380 inachukua fezi mbili, wao wakaweka ya 220 inayotaka fezi na nyutro, na kebo yangu ina fezi tatu na waya wa ethi basi. Kijana wao kwenye simu ananiambia chukua ethi ufanye nyutro. Hapana kaka, bodi nzima ya mashine imefungwa kwenye hiyo ethi, siku waya ukilegea umeme unanisubiri kwenye meza ya chuma. Nikairudisha, wakabadilisha koili bila malipo, ila safari ni yangu na siku mbili zimepotea, na wangeuliza swali moja tu mwanzoni yasingetokea. Ovaloudi nayo waliiacha kwenye ampea 8, nikaishusha mwenyewe kwenye 5 kama kibati kinavyosema.

Mara ya kwanza kuwaka ilizunguka kinyume, hiyo si kosa la mtu, nikazima umeme nikabadilisha fezi mbili. Bila mzigo fezi zinakula ampea 2.3, 2.4, 2.3, zinalingana. Baada ya saa nzima ya kuranda mbao ngumu naweza kuweka kiganja kwenye bodi na kukiacha pale. Umeme ukikatika na kurudi mashine haiwaki yenyewe mpaka nibonyeze kijani, na kwenye randa vidole vyangu vinashukuru.

Kwa hiyo mota nawapa tisa kwa kumi, stata tano. Na kifuniko cha boksi la waya kilirudi kina skrubu tatu badala ya nne, walisema watanitumia, mpaka leo nimefunga na solotepu.