Kadi ya nauli ya mkaazi kwenye kivuko chetu: uzoefu wangu wa miaka sita

Nimekuwa na kadi ya mkaazi tangu wiki ya kwanza ilipoanza kutolewa, na sasa imetimiza miaka sita mfukoni mwangu. Naipa nyota tatu kati ya tano. Hizo tatu ni za nauli ya abiria, ambayo imeshuka kweli na imewafaa watu. Mbili ninazozizuia ni za nafasi ya magari na nauli ya mizigo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi, maana mimi ni fundi seremala mwenye karakana kisiwani. Mbao zangu zinakuja kwa maji na samani zangu zinaondoka kwa maji.

Kuipata kadi si kazi. Unapeleka kitambulisho na uthibitisho wa makazi kwenye ofisi ya gatini, unapigwa picha, baada ya siku kumi unaitwa kuichukua. Ukifika dirishani unaionyesha, unakatiwa tiketi kwa nusu ya nauli ya zamani. Zamani tulikuwa tunalipa sawasawa na mtu anayekuja kupumzika mara moja kwa mwaka, ilhali sisi tunavuka kwenda benki, kwenda mahakamani, kwenda kujifungua.

Anayeweza kukueleza thamani ya kadi hii ni jirani yangu, mama mtu mzima mwenye maradhi ya figo. Mara tatu kwa wiki anavuka kwenda kusafishwa damu hospitali ya ng'ambo, iwe mvua iwe jua. Kabla ya kadi, wanawe walikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, kila mmoja anatia chake Jumapili usiku, na mara nyingine nilikuwa naitwa kuhesabu nao. Kuna wiki hesabu ilikuwa haifiki, mama akaruka safari moja. Aliyeuguza maradhi hayo anajua maana yake: miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi, usiku mgonjwa analala ameketi. Tangu nauli ishuke hajaruka hata safari moja kwa ajili ya pesa. Kopo lile sasa linawekwa sindano na nyuzi. Kwa hilo peke yake siwezi kuitukana kadi hii, na mtu akiitukana mbele yangu namjibu.

Lakini tuseme na jinsi ilivyopatikana. Tulidai kwa miaka mingi. Barua ziliandikwa, wajumbe wakatumwa, jibu likawa lile lile, kwamba fedha hakuna. Ulipokaribia uchaguzi ndipo jibu lilipobadilika. Silaumu mtu kwa hilo, kwani kura ndiyo nguvu tuliyokuwa nayo na tuliitumia. Wengine wamefanya vivyo hivyo. Wakaazi wa Staten Island kule New York, mwaka 1993, walipiga kura kwa wingi kutaka kujitenga na jiji, na miaka minne baadaye nauli ya kivuko chao, iliyokuwa senti 50, ikafutwa kabisa. Kinachonisikitisha ni kwamba jukwaani kiliahidiwa kile tu ambacho kila mpiga kura anakishika mkononi, yaani tiketi yake. Nauli ya lori haikutajwa na mgombea hata mmoja, na sisi wenyewe hatukuuliza.

Kivuko kina gharama ambazo hazijali kimebeba watu kumi au mia tatu: mafuta, mishahara ya mabaharia, bima, kupandishwa chelezoni kukaguliwa. Lazima mtu azilipe. Ama mkaazi, ama mgeni, ama serikali kwa ruzuku, na ugomvi wote wa nauli ni wa kugawana mzigo huo kati ya hao watatu. Pale Likoni, Mombasa, mtembea kwa miguu anavuka bure na magari ndiyo yanayolipa. Kigamboni, Dar es Salaam, nauli ya mtembea kwa miguu ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012, watu walikasirika na jambo likawa la kitaifa, kwa sababu anayevuka kila siku haioni nauli kama bei ya safari. Kwake ni kodi ya kuishi upande wa pili. Ulaya kuna kanuni ya mwaka 1992, namba 3577, inayoziruhusu serikali kuingia mikataba ya huduma kwa njia za visiwani ambazo kampuni isingezihudumia kwa kutafuta faida tu. Kwa hiyo ruzuku si sadaka. Barabara ya bara nayo inajengwa kwa kodi, na hakuna anayesimamishwa kila asubuhi alipie lami aliyoikanyaga.

Sasa nyota ya kwanza niliyoizuia.

Nauli iliposhuka, ilishuka kwetu kwa nusu, lakini na ya wageni ilipunguzwa ili hoteli zijae. Magari yakaja. Kivuko ni kile kile, staha ya kuegeshea magari ni ile ile. Mwaka jana msimu wa wageni nilikuwa na makabati ya jikoni ya kupeleka ng'ambo, mteja amelipa nusu na ananisubiri. Siku tisa kabla nikaenda dirishani kukata nafasi ya gari. Binti wa tiketi, ambaye nimemjua tangu akiwa shule ya msingi, akatazama mashine yake na kusema kwa sauti ya chini, "Mzee, nisamehe. Mfumo unaonyesha pamejaa hadi Alhamisi ya wiki ijayo." Nikamuuliza kadi yangu ina kazi gani basi. Akasema, "Kadi ni ya bei, mzee. Haina nafasi ndani yake."

Nikaenda foleni ya kusubiri. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, makabati yamefungwa kwa blanketi na kamba. Mbele yangu kulikuwa na magari mawili ya wenyeji, moja la samaki likidondosha maji ya barafu kwenye saruji. Magari yaliyokatiwa nafasi yakaingia moja moja, mengi ni yale makubwa ya kulala ambayo wageni hukata tiketi zake miezi mitatu kabla. Mlango wa mbele ukapandishwa, mnyororo ukalia. Kivuko kilipogeuka nikaiona staha yote kwa ubavu, na upande wa kushoto kulikuwa na uwazi wa magari matatu, rangi ya njano ya mistari inaonekana kabisa. Waliokata hawakutokea, na kwa utaratibu wa kampuni nafasi zao hazikuachiwa hadi dakika ya mwisho, ilhali dakika ya mwisho mlango ulikuwa unafungwa. Magari matatu sisi. Nafasi tatu zile. Yule wa samaki hakusema kitu, alishuka akafungua milango ya nyuma akaanza kuhamisha barafu.

Jambo hili halikuanzia kwetu, na ndiyo sababu linaniuma zaidi, kwani lingeweza kuonekana mapema. Scotland walianza Oktoba 2008 kwa majaribio kwenye visiwa vya magharibi, nauli ikapangwa kwa kuangalia kuendesha gari umbali huo huo barabarani kungegharimu nini, wakaongeza kiasi maalumu cha kuingia chomboni. Kufikia 2015 mpango ukawa umeenea kwenye njia zote za visiwa vya pwani ile. Wazo ni zuri sana, lina haki ndani yake. Magari yakaongezeka, na katika visiwa kadhaa wenyeji wakaanza kulalamika kwamba bei ni nafuu lakini nafasi haipatikani, hasa kiangazi. Dawa yake inafahamika: unatenga sehemu ya staha kwa wakaazi, na siku chache kabla ya safari, kama hakuna mkaazi aliyeihitaji, unaiachia kwa wote. Kwetu hili limeombwa mara mbili. Mara zote mbili tumejibiwa kwamba mfumo wa tiketi hauwezi.

Tuache nafasi, twende kwenye mzigo, ambako ndiko fedha ya kisiwa inakovujia kimya kimya.

Lori hulipishwa kwa mita. Mfanyakazi wa gatini anapima kuanzia bampa ya mbele hadi ncha ya nyuma, pamoja na mbao zilizochomoza. Mimi huagiza mbao mara moja kwa mwezi. Lori linakuja limejaa, linalipa. Linashusha, linarudi tupu, linalipa tena mita zile zile, kwa sababu staha haijui kama lori limebeba mbao au limebeba hewa. Mwenye lori hawezi kuibeba hasara ya kurudi tupu, ananiwekea kwenye ankara yangu. Mimi naiweka kwenye bei ya kitanda. Muuza saruji anafanya hivyo, muuza gesi anafanya hivyo, wa dawa za binadamu na wa vyakula vya mifugo vivyo hivyo. Kwa hiyo yule mama jirani yangu, ambaye nauli yake imeshuka nusu, anailipa nauli ya lori kila anaponunua mtungi wa gesi, na hakuna karatasi inayomwonyesha. Hata asiyevuka maji mwaka mzima anailipa. Mtoto mchanga anailipa kwenye maziwa yake.

Na huu ndio mzigo usio na mtetezi. Scotland hiyo hiyo, mwaka 2012, punguzo la magari makubwa ya biashara liliondolewa kwenye njia zilizokuwa zimelipata wakati wa majaribio, huku la abiria na magari madogo likibaki. Wafanyabiashara wa visiwani walipiga kelele, lakini kelele za wenye malori hazifiki mbali kama za abiria, kwa sababu watu hudhani mwenye lori ni tajiri anayetetea faida yake. Ugiriki nilipenda walivyofikiri. Mpango wao ulioanza kwa majaribio mwaka 2018 unarejesha tofauti kati ya gharama ya bahari na gharama ambayo safari hiyo ingekuwa nayo nchi kavu, na wanaorejeshewa si wakaazi peke yao, biashara ndogo za visiwani zimo pia. Hapo mtu ameelewa kwamba kisiwa hakili tiketi.

Kuna tozo ya mafuta nayo. Ililetwa mafuta yalipopanda, tukaambiwa ni ya muda, mafuta yakashuka na tozo ikabaki kwenye tiketi kwa herufi ndogo. British Columbia, Kanada, kampuni ya vivuko huongeza tozo mafuta yakipanda, lakini yakishuka vya kutosha humrudishia abiria punguzo, na kiwango cha juu cha nauli hupangwa kwa vipindi vya miaka minne na kamishna asiyekuwa chini ya kampuni. Sihitaji kukubaliana na kila anachoamua mtu kama huyo. Nahitaji kujua yuko wapi, ametumia hesabu gani, na nimpelekee risiti zangu.

Niseme pia kwamba sisi wenyewe hatuko kitu kimoja. Wenye hoteli wanataka nauli ya mgeni ishuke zaidi. Wenye malori wanataka staha ya asubuhi. Wazazi wanataka safari ya jioni ichelewe ili watoto wanaosoma ng'ambo warudi nyumbani. Na kuna suala la nani ni mkaazi, ambalo limewagombanisha hata ndugu. Binti yangu amezaliwa hapa. Alipokwenda chuo akapanga chumba ng'ambo, akanyang'anywa kadi kwa sababu anwani yake imebadilika. Mwenye nyumba ya kupumzikia karibu na mnara wa taa, anayekuja wiki tatu kwa mwaka, anayo kadi kwa sababu bili ya umeme iko kwa jina lake. Hispania, ambako mkaazi wa visiwa vya Baleari au Kanari anapunguziwa asilimia 75 akisafiri kwa ndege kwenda bara, wanakwenda kwa daftari la makazi la manispaa. Nalo lina mianya yake, lakini angalau si bili ya umeme. Mwanafunzi angepaswa kubaki mkaazi hadi amalize masomo. Hili ni dogo, halina gharama kubwa, na lingefanyika kesho.

Kama unahamia kisiwani na unafikiria kuchukua kadi, ichukue siku ya kwanza. Ukivuka kwa miguu utaifurahia. Ukiwa na gari, kata nafasi mapema kuliko unavyodhani, na ukifika foleni ya kusubiri mwombe mfanyakazi wa staha aandike jina lako na saa uliyofika, kwa sababu asiyeandikwa hahesabiki miongoni mwa walioachwa. Ukiwa na biashara, tunza kila risiti ya mita, ya kwenda na ya kurudi.

Mimi nimezitunza. Nimezipanga kwa mwezi, za kwenda rundo moja, za kurudi tupu rundo la pili, na nimekwenda kwa muuza gesi na kwa yule wa samaki nikawaomba wafanye hivyo hivyo. Mwezi ujao kamati ya kivuko inakutana kupanga nauli za mwaka, na kwenye ajenda iliyobandikwa gatini imeandikwa "nauli za abiria" peke yake. Nimeandika barua kuomba mstari wa pili uongezwe. Katibu ameipokea na kunigongea muhuri.