West System 105 kwa mashua ya mbao: inasahihisha makosa madogo, lakini isitiwe kwenye mishono

Resini ya West System 105, inayotengenezwa na Gougeon Brothers wa Michigan, ndiyo gundi ya epoksi tunayoiamini zaidi kwa makosa ya ukarabati: tundu la skrubu lililotobolewa pembeni, ubao uliokatwa ukapungua milimita chache, ncha iliyomeguka kwa patasi. Kwa kazi hizo haina mpinzani wa karibu. Ila ukiinunua ili uzibe mishono ya mbao za ubavuni, rudisha pesa mfukoni. Mashua ya mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu hukauka ikiwa nchi kavu na kuvimba ikishushwa majini. Epoksi iliyoganda haibonyei, hivyo mbao zinapovimba huponda kingo zao zenyewe au kusukuma mataruma, yaani mbavu za mashua. Mshono ni kazi ya pamba na kalafati, kama zamani.

La kwanza ni kuchagua kigumishi, kile kimiminika kinachochanganywa na resini ili igande. Kwenye nyuzi 22, gramu 100 za mchanganyiko wenye kigumishi 205 hukaa koponi dakika 9 hadi 12, 206 dakika 20 hadi 25, na 209 dakika 40 hadi 50. Joto likipanda nyuzi 10, muda huo hupungua karibu nusu. Piga hesabu ya kivuli cha Tanga au Mombasa mwezi Februari, utaona 205 inaanza kuganda kabla hujamaliza kuipaka. Pwani nunua 206, au 209 kama eneo ni kubwa. Na ukishachanganya, mimina kwenye sinia pana. Ikilundikana koponi hujipasha joto yenyewe, hutoa moshi na huweza kuyeyusha kopo la plastiki.

Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote liko kwenye pampu. Uwiano wa 105 na 205 au 206 ni 5 kwa 1, lakini pampu za kampuni zimeshapimwa: pigo moja kamili la resini kwa pigo moja kamili la kigumishi. Anayepiga tano kwa moja anapata 25 kwa 1, na kitu hicho hakitaganda hata ukingoje mwezi. Wala usiongeze kigumishi ili ikauke haraka, kama mafundi wa faiba wanavyozoea kwenye poliesta. Hapa kigumishi ni sehemu ya gundi yenyewe. Kikizidi, inabaki dhaifu. Iliyobaki inanata haina dawa ya juu kwa juu: ikwangue yote, futa mabaki kwa asetoni, piga msasa, anza upya.

Kuziba tundu la skrubu kuna utaratibu wake. Panua tundu hadi ufikie mbao safi, kavu, yenye unyevu chini ya asilimia 12. Paka kwanza epoksi tupu, bila unga wa kuifanya nzito, uiache inyonywe, halafu ndipo utie iliyokolezwa kwa unga wa 404 au 406 mpaka isimame bila kutiririka. Wengi huruka hatua ya kulowesha. Mbao kavu hunyonya resini kutoka kwenye unga, na kiungo kinabaki na chembe zisizoshikana. Tundu likiwa pana, gonga kigingi cha mbao ileile kilicholoweshwa. Shimo la kina lijaze kwa tabaka za sentimita moja hivi. Ukilijaza kwa mkupuo litachemka, litoe povu na kupasuka. Unga mwepesi wa 407 au 410 ni wa kusawazisha uso tu, usiufungie skrubu. 410 isiwe chini ya rangi nyeusi inayopigwa na jua.

Kwenye vyombo vyetu vya zamani kuna tatizo ambalo maelezo ya kopo hayaligusi: mbao iliyokunywa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka na miaka. Epoksi haishiki juu ya mafuta. Kwangua deheni yote (ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chomboni), futa kwa asetoni na vitambaa safi, piga msasa wa namba 80, na kama mafuta yanaendelea kutoka, kata kipande hicho ubandike kingine.

Paka joto likianza kushuka, alasiri kuelekea jioni. Ukipaka asubuhi, hewa iliyo ndani ya mbao hupanuka na kukuachia vipovu vya kila aina. Kesho yake utakuta uso una utelezi kama nta. Uoshe kwa maji safi na brashi ya kusugulia sufuria, ukaushe, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, karatasi zitaziba na rangi itakuja kubanduka. Halafu paka rangi au vanishi yenye kinga ya jua, kwani jua huila epoksi iliyo wazi.

Vaa glavu za nitrili. Ikigusa ngozi, ioshe kwa sabuni isiyohitaji maji, kamwe si asetoni, ambayo huipenyeza ndani. Mzio wake ukishakupata haukuachi. Bei ni kubwa, tunakiri, lakini kwa makosa madogo pakiti ya kilo 1.2 inatosha chombo kizima. Usiinunue bila pampu zake.